Biashara ya Nyama ya Kuchoma katika Nchi ya Simiyu: Wachoma Nyama wa Kujitegemea na Mikahawa ya Matawi

Madhumuni ya makala haya ni kulinganisha njia mbili za kuuza nyama iliyochomwa. Njia ya kwanza ni ya mchoma nyama wa kujitegemea, mtu mwenye jiko moja mahali pamoja, ambaye biashara yake hujulikana kwa jina lake mwenyewe au la mtaa wake. Njia ya pili ni ya mkahawa wa matawi, yaani nyumba nyingi za chakula zilizotawanyika katika miji au nchi mbalimbali, zenye jina moja, orodha moja ya vyakula na kanuni moja, chini ya mwenyewe mmoja, au chini ya mwenye jina anayewakodisha wengine jina hilo. Mahali palipochaguliwa kwa ulinganisho huu ni mji wa Bariadi na nchi inayouzunguka, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini Simiyu, mahali ambapo mikahawa ya matawi haijaota mizizi, na si Dar es Salaam au Nairobi ambako imesimama? Jibu ni kwamba nchi hii imekwisha kuyaona mashindano ya jina moja kubwa na wauzaji wengi wadogo kabla ya mikahawa kuja. Iliyaona katika ng'ombe, na iliyaona katika pamba. Mara zote mbili swali lililoamua mambo lilikuwa moja: nani ashike mizani, na nani aione. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo ndilo linalotenganisha jiko la Bariadi na mkahawa wa matawi hata leo, na kwamba asiyelifahamu hataweza kueleza kwa nini mchoma nyama mdogo ameishi zaidi ya makampuni makubwa kuliko yeye.

Maneno ya kazi hii

Ni vema kuanza na maneno, kwa kuwa maneno hutunza historia ambayo hesabu za biashara haziandiki. Kitenzi choma kina maana mbili. Ya kwanza ni kutoboa kwa kitu chenye ncha, kama tusemapo kuchoma kisu au kuchomwa na mwiba. Ya pili ni kuunguza au kuivisha kwa moto. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 inaziweka zote mbili chini ya kitenzi kimoja. Anayetazama nyama iliyotungwa kijitini na kuelekezwa motoni ataona jinsi maana hizi zinavyokutana katika kazi moja. Neno mshikaki nalo lina mkutano kama huo. Huko Oman nyama ya vijiti huitwa mishkak, neno ambalo shina lake la Kiarabu lina maana ya kutoboa. Yaelekea kuwa Kiswahili kiliipokea silabi ya kwanza kana kwamba ni kiambishi cha wingi cha ngeli ya miti, ndipo tukapata mshikaki mmoja na mishikaki mingi.

Kubanika ni jambo jingine. Kitenzi hiki chatokana na bana, na maana yake ni kubana samaki au nyama katika kijiti kilichopasuliwa na kukisimamisha mbele ya moto. Kuoka ni kuivisha kwa joto la moto bila maji. Pwani ilizihifadhi tofauti hizi kwa muda mrefu. Bara, ambako Kiswahili kilifika pamoja na biashara na serikali, kitenzi choma kilichukua kazi karibu zote.

Umbo nyama choma lastahili kuangaliwa kwa makini. Sarufi ya kale ingedai nyama ya kuchoma, au nyama iliyochomwa. Nyama choma, bila kiunganishi wala kiambishi, ni jina linalofuatwa na shina tupu la kitenzi, na kwa mfano wake leo twasikia kuku choma, mbuzi choma na ndizi choma. Wako wanaolikemea umbo hili. Lakini lina kazi ambayo ndugu yake hawezi kuifanya. Nyama ya kuchoma yaweza kuwa nyama mbichi inayongoja moto, imening'inia buchani. Nyama choma haiwezi kuwa mbichi. Ni jina la kitu kilichokwisha kuwa tayari kuuzwa. Kwa hiyo umbo hili halikuzaliwa na uvivu wa ulimi. Limezaliwa na soko, ambamo mnunuzi na muuzaji walihitaji neno fupi la kutofautisha nyama ya kupeleka nyumbani na nyama ya kula hapo hapo.

Bucha latokana na Kiingereza, na mkahawa, ambao wengine huuita mgahawa, ulikuwa kwanza nyumba ya kunywea kahawa. Mnada umetokana na kunadi, yaani kutangaza bidhaa kwa sauti. Lakini kwa ile nyumba yenye jina moja katika miji mingi, Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka. Twasema mkahawa wenye matawi, tukiazima neno lililokwisha kuzoewa kwa vyama vya siasa na mabenki. Uazimaji huu una maana. Tawi halina shina lake; uhai wake watoka mahali pengine. Mchoma nyama wa Bariadi hajiiti tawi la mtu.

Nchi na ng'ombe wake

Mkoa wa Simiyu umechukua jina la mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.1. Wengi wao ni Wasukuma, na wale wa upande wa Bariadi hujulikana kwa jina la Wanyantuzu, kwa kuwa nchi yao ni Ntuzu ya zamani. Upande wa Meatu wako pia Wataturu na Wahadzabe. Kabla ya kufutwa kwa utawala wa watemi mwaka 1963, Ntuzu, Itilima, Kanadi na Meatu zilikuwa nchi zenye watemi wao, na mawili kati ya majina hayo yamebaki katika wilaya za leo.

Ng'ombe katika nchi hii hakuwa kwanza chakula. Alikuwa mahari, akiba, fidia na heshima. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwaua ng'ombe wengi mno katika Afrika Mashariki yote, na Usukuma haukusalimika. Lakini katika miongo iliyofuata makundi yaliongezeka tena, hata nchi ikahesabiwa miongoni mwa zenye mifugo mingi kabisa Tanganyika. Nyama ilipatikana kwa sherehe, kwa msiba, au kwa ng'ombe aliyekufa au kuumia. Na ilipopatikana, aghalabu iligawiwa kwa daraja za watu, haikuuzwa. Yafaa kukumbuka jambo hili. Katika ugawaji hakuna mizani. Kila mtu hulijua fungu lake kwa umri na ujamaa wake. Mizani ilikuja pamoja na fedha.

Fedha nayo ililetwa hasa na pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka kwa kasi katika Usukuma, na fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, maana ng'ombe ndiye aliyekuwa benki. Hali kadhalika, mwenye kuhitaji fedha ya kodi, ya nguo au ya ada za shule alipeleka ng'ombe mnadani. Minada iliyosimamiwa na Idara ya Mifugo pamoja na serikali za wenyeji ikawa mahali pa kukutana kwa nchi nzima. Na palipo watu wengi waliotoka mbali tangu alfajiri, wenye fedha mkononi na njaa tumboni, hapana budi pawe na mtu wa kuwasha moto. Jiko la nyama ya kuuza katika nchi hii ni mtoto wa mnada. Mpaka leo siku ya mnada ndiyo siku kuu ya wachoma nyama.

Jina moja juu ya ng'ombe wote

Mwaka 1947 iliundwa kampuni ya Tanganyika Packers, ambayo serikali ya Tanganyika ilikuwa na hisa zilizozidi nusu kidogo, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya kampuni ya Liebig. Kampuni hii ya pili ilikuwa mojawapo ya majina ya kwanza duniani kuifanya nyama kuwa bidhaa ya jina. Ilianzishwa mwaka 1865 na kujenga kiwanda kikubwa Fray Bentos katika nchi ya Uruguay, na ilifundisha ulimwengu kununua nyama bila kumwona ng'ombe wala kumjua mchinjaji, kwa kuamini maandishi ya juu ya kopo tu. Kiwanda cha Tanganyika Packers kilijengwa Kawe, Dar es Salaam, na nyama yake ya kopo iliuzwa hasa Uingereza.

Usukuma ulikuwa moja ya vyanzo vikubwa vya ng'ombe wa kiwanda hicho. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika Ziwani mwaka 1928, ilipita Malampaka katika nchi ya Maswa, na kwa njia hiyo ng'ombe walisafirishwa mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000 hadi Pwani. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikitekeleza Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliodumu kutoka 1947 hadi 1956 na kuwa na makao yake Malya. Mpango ule uliwaamuru watu, pamoja na mambo mengine, kupunguza mifugo yao. Hivyo mnunuzi mkubwa na amri ya kuuza vilifika pamoja. Mwenye ng'ombe aliona kuwa bei imepangwa na yule yule anayemlazimisha kuuza. Upinzani dhidi ya amri hizo ulikuwa moja ya sababu zilizoipa TANU nguvu katika Usukuma, hata serikali ikakizuia chama hicho kufanya kazi huko kutoka mwaka 1954 hadi 1958.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, jina lilibadilika lakini sura ya mambo ilibaki. Mwaka 1974 iliundwa mamlaka ya kuendeleza mifugo iliyojulikana kwa kifupi LIDA, na chini yake yakawekwa mashirika ya ranchi, ya maziwa, ya ununuzi wa mifugo na ya usindikaji wa nyama. Kusudi lilikuwa jema: kumwondoa mlanguzi, kumpa mfugaji soko la hakika, na kumpa mkaazi wa mjini nyama kwa bei nafuu. Lakini bei nafuu kwa mlaji ilikuwa bei ndogo kwa mfugaji. Mfugaji hakubishana na serikali. Alimpelekea ng'ombe wake mfanyabiashara binafsi aliyelipa zaidi, na wengine waliwavusha ng'ombe mpaka wa Kenya. Kiwanda cha Kawe kilikosa ng'ombe katika nchi yenye mamilioni ya ng'ombe. LIDA ilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Tanganyika Packers ikafunga milango yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo jina hilo kubwa ni jina la viwanja vya Kawe, ambako watu hukusanyika kwa mikutano ya siasa na ya dini. Mchoma nyama wa mnadani, ambaye hakuna aliyemwekea mpango, hakufunga.

Funzo la habari hii si kwamba serikali ilikosa au kwamba wafanyabiashara walikuwa wema. Funzo ni kwamba biashara ya nyama katika nchi ya wafugaji haianzii jikoni. Huanzia kwa mtu mwenye hiari ya kutouza. Mpanda pamba akishavuna hana la kufanya na pamba yake ila kuiuza. Mfugaji aweza kumrudisha ng'ombe wake zizini.

Mizani ya pamba

Mashindano ya pili yalikuwa ya pamba, na ndiyo yaliyoifundisha nchi hii juu ya mizani. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walilalamika kuwa wanunuzi waliwapunja katika kupima. Hatua yao ya kwanza ilikuwa ndogo na ya akili: waliweka wapimaji wao wenyewe, ili kila mzigo upimwe na mtu ambaye mkulima anamwamini kabla haujafika kwa mnunuzi. Kutokana na mwanzo huo vilikua vyama vya ushirika vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Shirikisho lile lilikua hata likahesabiwa kuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima.

Tuangalie umbo lake. Lilikuwa na jina moja na matawi mengi; kwa sura ya nje lilifanana na kampuni. Lakini kila chama cha msingi kilikuwa na wanachama wake, kamati yake na mizani yake kijijini. Uhai ulitoka chini kwenda juu, si juu kwenda chini. Umbo hilo lilipopotea, na mwaka 1976 serikali ilipovivunja vyama vya ushirika na kuweka mahali pake mamlaka za mazao, mkulima alibaki tena na mnunuzi mmoja na mizani asiyoitawala. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani iliyovunjika hairudishwi kwa sheria peke yake.

Jiko la mchoma nyama

Baada ya historia hiyo twaweza kulitazama jiko la Bariadi na kuelewa kile tunachokiona. Jiko lenyewe ni pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu, au sanduku la bati juu ya miguu minne, lenye makaa chini na nondo au wavu juu. Karibu yake, na mara nyingi katika kibanda hicho hicho, pana bucha. Mteja husimama mbele ya nyama iliyotundikwa na kuchagua: mbavu, paja, kidari au steki. Huamua kama ataka mnofu au mchanganyiko. Nyama hukatwa mbele ya macho yake na kupimwa ikiwa mbichi, robo, nusu au kilo nzima, naye huiangalia sindano ya mizani. Ndipo hutiwa chumvi na kuwekwa juu ya moto. Ikiiva hukatwakatwa juu ya ubao na kuletwa pamoja na chumvi, pilipili, ndimu na kachumbari. Na mwenye kutaka ugali au ndizi huagiza.

Kupima nyama ingali mbichi si desturi tu, ni mkataba. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, na upungufu wake wategemea moto, mnofu na muda. Anayenunua kwa uzito wa nyama mbichi amebeba hasara hiyo mwenyewe, lakini amejua alicholipia. Isitoshe, ameiona rangi ya nyama, ameuona mfupa, na muhuri wa mkaguzi akiutafuta atauona. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi iliyo jirani na mbuga za wanyama, ambako hofu ya kimeta si ya kubuni.

Imani hiyo yahusu pia kuchinja. Kwa desturi ya miji mingi ya Tanzania mchinjaji wa buchani ni Mwislamu, ili watu wa dini zote wale pamoja. Mwaka 2013, katika Geita na sehemu nyingine za kandokando ya Ziwa, ulizuka mgogoro mkali juu ya nani achinje, hata ukasababisha kifo. Tukio lile lilidhihirisha kwamba nyama si uzito na bei peke yake. Mlaji ataka kumjua aliyeishughulikia. Mchoma nyama wa kujitegemea hujibu swali hilo kwa nafsi yake. Yupo, aweza kuulizwa.

Moto wenyewe ni elimu. Ng'ombe wa nchi hii ni wa asili, mwenye nundu, aliyekua kwa kutembea na kula majani. Nyama yake ina ladha nzito na nyuzi ngumu. Wakati wa kiangazi hukonda, wakati wa mvua hunenepa. Mchoma nyama hana kitabu cha kanuni. Hubadili umbali wa nyama na makaa, ukubwa wa vipande na muda wa moto kwa kadiri ya ng'ombe wa siku hiyo. Ufundi huu hupatikana kwa kusimama karibu na aliyetangulia, kwanza kupepea makaa, kisha kugeuza nyama, mwisho kukabidhiwa kisu.

Mkahawa wa matawi

Sasa tuitazame njia ya pili. Katika Afrika Mashariki nyumba ya nyama ya kuchoma iliyopata sifa kubwa kabisa ni Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980 na kundi la mikahawa la Tamarind, na ambayo baadaye jina lake lilipelekwa hata Johannesburg. Huko mgeni hulipa bei moja, na wahudumu humzungukia wakiwa na nyama katika vyuma virefu na kumkatia sahanini mpaka atakapoinamisha kijibendera kilicho mezani kuonyesha kuwa ameshindwa. Hapo mizani imeondolewa kabisa. Mgeni hanunui nyama. Anunua shibe na tamasha. Nando's, iliyoanzia Johannesburg mwaka 1987 kwa kuku wa kuchoma, imefika nchi nyingi kwa jina moja na pilipili moja. KFC, ijapokuwa kuku wake ni wa kukaangwa, ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa namna hii. Ilifika Kenya mwaka 2011 na Tanzania miaka michache baadaye, nayo imekaa katika miji mikubwa.

Ulinganisho ulio karibu zaidi na Bariadi, hata hivyo, unapatikana mbali, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Huko pia palikuwa na ng'ombe wengi, na mafundi wa kwanza wa nyama ya moshi katika miji midogo walikuwa wauza bucha, wengi wao wenye asili ya Kijerumani na Kicheki, walioichoma nyama iliyobaki ili isiharibike. Katika mji wa Lockhart bucha la Kreuz lilianzishwa mwaka 1900, na mpaka leo nyama huko huuzwa kwa uzito na kuwekwa juu ya karatasi ya buchani. Upande wa pili, Dickey's ilianza kama duka moja mjini Dallas mwaka 1941, na tangu mwaka 1994 ikaanza kuwakodisha wengine jina lake hata ikawa na matawi mengi sana. Katika jimbo moja, kwa nyama ya aina moja, njia zote mbili zimeishi. Tofauti ndogo yafaa kuangaliwa: Lockhart hupima nyama iliyokwisha kuiva, Bariadi hupima iliyo mbichi, lakini kote kuwili mizani iko mbele ya mteja. Mkahawa wa matawi huuza zaidi kwa sahani yenye jina na bei, nayo mizani hukaa nyuma ya ukuta.

Faida na hasara

Haitakuwa haki kumsifu mchoma nyama na kumlaani mwenye matawi. Mkahawa wa matawi una mambo manne ambayo jiko la mtaani mara nyingi halina: maji ya bomba na choo safi, jokofu, mshahara wa mwezi kwa wafanyakazi, na hesabu zilizoandikwa ambazo benki huweza kuzisoma. Msafiri anayepita asiyemjua mtu yeyote mjini hupata hapo chakula kile kile alichokila mahali pengine. Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda Bodi ya Nyama, imeweka masharti juu ya machinjio, usafirishaji na uuzaji; na ni wazi kuwa mwenye mtaji mkubwa huyatimiza kwa wepesi kuliko mwenye pipa moja. Mizani ya mtaani nayo si malaika. Sindano yaweza kuchezewa, na ndiyo sababu Wakala wa Vipimo huzunguka kukagua. Kwa upande wa makaa, nchi hii yakumbuka jinsi Mkoa wa Shinyanga, ambao Simiyu nyingi ilikuwa sehemu yake, ulivyopoteza miti yake, hata ikalazimu kuanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 na kuhimiza upya ngitili, yaani malisho yaliyofungwa ili majani na miti vipate kuota. Kila jiko la makaa lina deni kwa ngitili.

Lakini mkahawa wa matawi una udhaifu ambao mtaji hauuponyi. Jina lake ladai nyama isiyobadilika, na ng'ombe wa Simiyu hubadilika kwa majira. Ili jina lisiaibike, hana budi kununua nyama ya ng'ombe walionenepeshwa kwa namna moja, pengine kutoka mbali. Na hapo atakuwa anauza nyama ya kigeni katikati ya nchi ya ng'ombe. Bei yake ladai kutulia, na bei ya mnada hupanda na kushuka. Haya ndiyo yaliyoikwamisha Tanganyika Packers: bei tulivu mbele ya mfugaji mwenye hiari ya kuondoka. Mchoma nyama hununua ng'ombe mmoja au sehemu ya ng'ombe, kwa bei ya siku hiyo, na kuuza kwa bei ya siku hiyo. Udogo wake, ambao wataalamu wa maendeleo huuona kuwa ugonjwa, ndio kinga yake.

Iko pia njia ya kati ambayo imekwisha kujaribiwa. Katika miongo ya karibuni kampuni za bia zimedhamini mashindano ya kuchoma nyama katika mikoa, zikiweka jina lao moja juu ya majiko mengi ya watu mbalimbali. Wachoma nyama hupata sifa na zawadi, na kampuni hupata jina. Lakini mashindano yakiisha, jina huondoka na maturubai.

Hitimisho

Barabara ya lami kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi imeiunganisha nchi hii na njia kuu za Shinyanga na Musoma, na maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yaliyofanyika Nyakabindi tangu mwaka 2018 hadi 2020 yaliwaonyesha wageni wengi mji wa Bariadi. Majina makubwa huzifuata barabara. Hatuna haja ya kubashiri kama yatakuja. Yatosha kusema kuwa yakija hayataikuta nchi tupu. Yatamkuta mchoma nyama mwenye historia nyuma yake, na mlaji aliyezoea kuiona sindano.

Kama wachoma nyama watataka kushindana nayo kwa usafi, maji na jokofu bila kupoteza uhuru wao, hawana haja ya kutafuta mfano Texas wala Johannesburg. Mfano uko kwa baba zao wa pamba: wengi walio wadogo, kila mmoja na jiko lake, wakiunganika kwa machinjio, kwa vipimo na kwa mkopo, huku mizani ikibaki mikononi mwa wale wanaojulikana. Umbo hilo lilikufa kwa kuvunjwa kwa amri, halikufa kwa kushindwa kazi yake ya kwanza.

Kwa wanafunzi wa lugha ipo kazi inayongoja. Kamusi Sanifu ya mwaka 1981 na zile zilizofuata zimeyakusanya maneno ya kilimo na ya bahari kwa bidii; maneno ya bucha, ya mnada na ya jiko hayajakusanywa kwa bidii hiyo. Majina ya vipande vya nyama, ya hali za moto, ya rangi za ng'ombe anaponadiwa, na ya watu wanaosimama kati ya muuzaji na mnunuzi, mengi hutamkwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma, na wenye kuyajua hawayaandiki. Orodha ya vyakula iliyochapwa mbali na kupelekwa katika matawi yote huja na maneno yake. Ikiwa siku moja itasomwa Bariadi, itafaa maneno ya wenyeji yawe yamekwisha kuandikwa, ili mlaji apate kuagiza kidari kwa jina lake na kuonyesha kwa kidole ni kipi akitakacho.